Ati hakuna anayekushika mkono kwenye ugomvi wa kweli?

Kwenye kipindi kilichopita tulicheka mpaka machozi. Mwenzangu alikuwa anasimulia darasa la kujilinda alilokwenda kulijaribu hapa Parramatta. Dakika 40 nzima, anasema, watu wazima wenye kazi zao wamepangwa wawili wawili. Mmoja ananyoosha mkono, wa pili anaushika, wa kwanza anauzungusha na kujinasua. Haya, badilisheni. Rudieni tena. "Jamani," akasema, "nani aliwahi kukushika mkono kwenye ugomvi? Mtu akitaka kukupiga, si anakupiga tu!"

Mimi nilicheka kuliko yeye. Halafu nikapanda treni kurudi Blacktown, nikakaa kimya, nikaanza kuhesabu. Nimefanya karate tangu nina miaka 12, na sasa nina 34. Katika miaka yote hiyo, nje ya ukumbi wa mazoezi, hakuna mtu aliyewahi kunipiga ngumi. Hata mara moja. Lakini kushikwa mkono na mtu ambaye hataki kuniachia? Mara 3 ninazozikumbuka vizuri. Na mara zote 3, aliyenishika nilikuwa namjua kwa jina.

Kwa hiyo mwenzangu yuko sawa, na pia hayuko sawa. Inategemea, ukisema "ugomvi wa kweli", kichwani mwako unamwona nani.

Ugomvi wa wanaume

Tuanze na pale alipo sawa. Sikiliza Kiswahili chenyewe. Tuna ngumi, kofi, teke, kichwa. Tuna mtama, ule wa kumfagia mtu miguu mpaka anakaa chini bila kupenda. Tuna kumkunja mtu, yaani kulikamata shati kifuani kabla maneno hayajaisha. Ukikabwa shingo kwa nyuma usiku, Dar watasema umepigwa roba, Nairobi watasema umepigwa ngeta. Haya maneno hayakutoka kwenye kitabu. Yametoka mtaani, kwa watu waliopigana na waliopigwa.

Sasa niambie jina la mtaani la kumshika mtu kifundo cha mkono. Mimi silijui. Nilimuuliza baba, ambaye amekulia Magomeni na ana hadithi za ugomvi za kutosha, naye akafikiri, akasema hakuna. Hata hilo neno "kifundo" nilimuuliza mama, kwa sababu nyumbani kwetu kuanzia begani hadi kwenye kucha yote ni mkono tu. Na ukisema umemshika mtu mkono, watu wataelewa umemsaidia.

Hapa Sydney hadithi ni ileile. Mnaokumbuka Kings Cross ya zamani mnajua. Julai 2012, Thomas Kelly, kijana wa miaka 18, alipigwa ngumi moja na mtu asiyemjua. Akaanguka, kichwa kikagonga chini, na siku 2 baadaye akafariki. Usiku wa kuamkia mwaka 2014, Daniel Christie, naye wa miaka 18, akapigwa ngumi moja eneo hilohilo, akafariki siku chache baadaye. Januari hiyohiyo Bunge la New South Wales likapitisha sheria kwamba mtu mzima akiua kwa kipigo cha namna hiyo huku amelewa, kifungo chake hakipungui miaka 8. Ugomvi wa aina hiyo unaisha kabla mtu hajashika chochote. Hakuna mzunguko wa mkono utakaokusaidia.

Wanaume wakishikana, wanashika ukosi, koti, shingo. Au mmoja anakamata kwa mkono wa kushoto ili apate kupiga vizuri kwa wa kulia. Na kama kuna kisu, basi ni wewe ndiye unayeutafuta mkono wake, siyo yeye wako.

Kwa hiyo kaka zangu mnaocheka, mna haki ya kucheka. Mnacheka kwa ugomvi mnaoujua nyinyi.

Mbona basi wanaanza na mkono?

Kuna sababu 2. Ya kwanza ni historia. Mazoezi mengi ya kushikwa mkono yametoka Japani, kwenye shule za zamani za watu waliovaa upanga kiunoni. Ukitaka kumzuia mtu asichomoe upanga, unashika mkono wake. Ina maana kabisa. Morihei Ueshiba alipoanzisha aikido, alichukua mbinu za shule hizo, na kumshika mwenzako mkono kukabaki kuwa mwanzo wa somo. Upanga ukaondoka, zoezi likabaki. Siku hizi hakuna anayepita Church Street na upanga, lakini Jumanne jioni bado tunashikana mikono kama vile upo.

Ya pili ni urahisi wa kufundisha. Mwanafunzi mpya anaogopa ngumi. Kushikwa mkono hakumuumizi, hakumwaibishi, na watu wasiofahamiana wanaweza kulifanya zoezi hili bila kuona haya. Tena linaonyesha vizuri jinsi mwili unavyofanya kazi. Anayekushika ana vidole 4 upande mmoja na dole gumba peke yake upande wa pili. Penye dole gumba ndipo penye mlango. Unageuza mkono ule upande wake mwembamba uelekee mlangoni, unapeleka kiwiko chako mbele karibu naye badala ya kuvuta nyuma, na mkono unatoka. Hata mtoto anaweza.

Hadi hapo sina ugomvi na darasa. Ugomvi wangu unaanzia kwa anayeshika. Darasani anayenishika ni mgeni. Amesimama imara, hasemi kitu, hanivuti popote, na ananisubiri nimalize.

Shikamoo isiyoisha

Nilikuwa na miaka 17, mkanda wa kahawia kiunoni, nikijiona mkali. Ilikuwa harusi, kwenye ukumbi mmoja huku magharibi mwa Sydney, watu kama 200. Nikapita mezani kwa rafiki mmoja wa baba. Siyo ndugu wa damu, lakini tangu utotoni tunamwita anko. Nikamwamkia nilivyofundishwa: nimeinama kidogo, mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika chini ya kiwiko. "Shikamoo anko." "Marahaba, mwanangu. Umekua!"

Na hakuachia.

Aliendelea kuongea, anacheka, anauliza habari za shule. Mkono wake wa pili ukaja juu, ukapanda kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kifundo. Akasimama. Akaanza kutembea kuelekea mlango wa maegesho, mimi nikifuata kama mbuzi wa kamba. "Njoo nikuonyeshe gari langu jipya." Yeyote aliyetazama aliona anko na mtoto wa rafiki yake wanasalimiana vizuri.

Ile mbinu ya dole gumba nilikuwa nimeifanya labda mara elfu. Siku ile mkono wangu haukufanya kitu. Sikuwa nimesahau. Niliona tu picha nzima: mbele ya watu 200 ninyang'anye mkono wangu kutoka kwa mtu mzima niliyetoka kumpa shikamoo sekunde 20 zilizopita. Niliona uso wa baba. Nilisikia watakachosema: hawa watoto wa kizungu hawana adabu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye mwiko wa pilau mkononi. Alitokea tu, akaniita kwa sauti ya juu kama vile nimemkosea: "Wewe! Vyombo vinakungoja huku, unazurura?" Anko akaniachia papo hapo, huku anacheka. Jikoni yule mama hakunipa chombo hata kimoja. Aliniambia polepole, "Yule mwamkie kwa mbali."

Alikuwa anajua. Nilipowaangalia wale mama wengine, niliona kila mmoja anajua. Na wote walikuwa wamekubaliana bila kusema: funika kombe mwanaharamu apite. Na alipita kweli. Alirudi ukumbini, akaenda meza ya pili.

Miaka 17 imepita. Sijawahi kumwambia baba. Kama anasoma hapa, baba, sasa unajua.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wahenga walishasema. Takwimu za hapa zinasema hivyohivyo. Utafiti wa usalama binafsi wa Ofisi ya Takwimu ya Australia wa mwaka 2021–22 ulikuta kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 4 amewahi kufanyiwa ukatili na mume au mpenzi tangu atimize miaka 15. Na kwa jumla, wanawake hudhuriwa zaidi na watu wanaowajua kuliko na wageni.

Mtu anayekujua hana haja ya kukurukia gizani. Yuko karibu tayari. Anachotaka mara nyingi siyo kukuangusha, anataka usiondoke. Uko mlangoni na ufunguo, anakamata mkono. Una simu unataka kumpigia dada yako, anakamata mkono wenye simu. Mnabishana jikoni, unageuka, anakurudisha kwa mkono. Daktari anayepokea wanawake hawa anazijua alama za vidole kwenye mikono, 4 upande mmoja na 1 upande wa pili, sawasawa na somo letu la Jumanne.

Kwa hiyo ukiniuliza kama watu hushikwa mkono kwenye ugomvi wa kweli, nitakujibu: ndiyo, sana, ila wengi wa wanaoshikwa hawauiti ugomvi. Hakuna watazamaji, hakuna anayerekodi kwa simu, na kesho yake mko pamoja kwenye chakula cha mchana cha familia.

Darasa linakosea wapi

Ndiyo maana sitaki zoezi hili lifutwe. Nataka lifanywe kama linavyotokea.

Kwanza, anayekushika kwa kweli anakuvuta. Mguu wako umeshatoka mahali pake kabla hujakumbuka dole gumba liko wapi. Fanyeni zoezi mkitembea. Pili, anatumia mikono 2, na anaweza kukuzidi kilo 30. Hapo kuzungusha mkono peke yake hakutoshi. Inabidi ushike ngumi yako mwenyewe kwa mkono wa pili, utumie mwili mzima, au umpige kwanza mahali penye maumivu, halafu ndipo utoe mkono. Tatu, akishindwa mara ya kwanza anashika tena, nywele au nguo, kwa hiyo lengo siyo kutoa mkono, ni kufika mlangoni au kwa watu. Jigoro Kano aliyeanzisha judo mwaka 1882 alilijua hili: mbinu ambayo hujawahi kuifanya kwa mtu anayekataa, bado huijui.

La nne ndilo kubwa. Anaongea. "Acha utoto." "Kwani nimekufanya nini?" "Unaniaibisha mbele za watu." Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kujibu maneno huku mkono umeshikwa. Tulifanya kimyakimya kama maktaba.

Mabibi wa Korogocho

Wanaolijua hili kuliko sisi wako Nairobi. Korogocho, mtaa wa mabanda mashariki mwa jiji, kuna kundi la mabibi, wengine na miaka 70 na zaidi, wanaojulikana kama Shosho Jikinge. Walianza kujifunza kujilinda kwa sababu wanawake wazee walikuwa wanabakwa, tena na vijana wanaowafahamu wa mtaani kwao. Tazama video zao siku moja. Kiganja puani, kiwiko, goti. Lakini kitu cha kwanza unachokisikia ni sauti. Bibi anasema hapana kwa nguvu mpaka mabati yanatikisika.

Mafunzo ya aina hiyo yalipelekwa kwa wasichana wa sekondari kwenye mitaa hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wasichana waliopata vipindi 6 vya saa 2 kila kimoja. Kabla ya mafunzo, karibu wasichana 25 katika kila 100 walikuwa wameshambuliwa kingono ndani ya mwaka. Baada yake walishuka hadi karibu 9. Kundi lililopata masomo ya kawaida halikubadilika sana. Na kilichonigusa zaidi: wasichana waliofundishwa walianza pia kuwaambia watu yaliyowapata.

Saa 12 tu. Mimi karate nimefanya miaka 22, na hadi leo ndiyo naandika habari ya yule anko.

Canada nao walifanya jaribio kwenye vyuo vikuu 3, kwa wanafunzi wa kike 893, matokeo yakatoka mwaka 2015. Mafunzo yalikuwa saa 12 vilevile: kutambua hatari mapema, kukubali kwamba mtu unayemjua anaweza kuwa hatari, kisha kujilinda kwa mwili. Mwaka mmoja baadaye, waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 kwa waliofundishwa, na asilimia 9.8 kwa waliopewa vijitabu tu. Kujinasua kulikuwa sehemu ya somo. Lakini kulikuja baada ya mtu kujiruhusu kusema hapana kwa uso anaoujua.

Basi tufanye nini

Kwa walimu wa kujilinda, hasa nyinyi vijana wetu mnaofundisha watoto wa jamii: anzeni zoezi kwa salamu. Mmoja amwamkie mwenzake, mwenzake asiachie. Wekeni maneno. Wekeni kicheko. Mtaona jinsi watu wazima wenye mikanda wanavyoganda.

Kwa wazazi: shikamoo ni neno. Inatosha kwa mdomo. Mtoto akisalimia kwa mbali na tabasamu, ameshatimiza adabu. Msimsukume mbele, "nenda kampe anko mkono". Kuna sababu hataki, hata kama bado hajui kuisema.

Kwa kaka zangu mnaocheka: kwenye ugomvi huu kazi yenu siyo ngumi. Ni sentensi moja, kwa heshima, kwa sauti inayosikika mezani: "Anko, mwachie mkono." Yule mama wa mwiko alifanya alichoweza kwa zama zake, na mpaka leo namshukuru. Lakini alinificha mimi, hakumzuia yeye.

Na tujue sheria, maana wengi wetu tunadhani mpaka utoke damu. Hapa New South Wales kumshika mtu mkono kwa nguvu bila ridhaa yake kunaweza kuwa kosa la shambulio, hata bila alama yoyote, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2. Kujinasua siyo kosa: sheria inakuruhusu kujilinda kama unaamini ni lazima, na ulichofanya kinalingana na hali ulivyoiona wewe wakati ule. Tena tangu tarehe 1 Julai 2024, mume, mke au mpenzi, wa sasa au wa zamani, anayekudhibiti kwa mfululizo wa vitisho, ukatili na kukufungia maisha anaweza kushtakiwa kwa kosa hilo peke yake. Kwa hatari ya sasa hivi ni 000. Kwa mazungumzo na ushauri ni 1800 737 732, saa 24. Kama mama yako anataka kuongea kwa Kiswahili, 131 450 watamtafutia mkalimani.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, ana miaka 10, alirudi kutoka kwenye darasa lake la karate amechoka na hilihili. "Mama mdogo, hii ya kushikana mikono ni ya nini? Hakuna mtu anafanyaga hivyo."

Nikamwambia, haya, njoo uniamkie. Akaja, akainama vizuri, "Shikamoo." "Marahaba." Na sikuachia. Akacheka. Nikaendelea kuongea, nikapeleka mkono wa pili, nikaanza kumvuta kuelekea mlangoni. Akaacha kucheka. Akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini si nitakuwa nimekukosea adabu?"

Miaka 10, na tayari somo hilo limeshaingia.

Tulirudia jioni nzima. Mara ya kwanza alinong'ona. Mara ya pili alisema "samahani" kwanza. Karibu na mara ya 10 alinitazama machoni, akapiga kelele "NIACHIE MKONO!", kiwiko kikaja mbele, mkono ukatoka, akakimbia. Mama yake akatokea mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, anauliza kuna nini.

Nikamwambia dada hakuna kitu, tunafanya mazoezi. Na wewe umefanya sehemu yako vizuri.